"Kisa wivu wa mapenzi": sababu, au maelezo ya mtuhumiwa?

Wengi huamini kuwa mume anayemuua mkewe hupandwa na hasira ghafla, tena kwa wivu. Imani hiyo inaeleweka. Vichwa vya habari vimeirudia kwa miaka mingi.

Kinachojulikana ni tofauti kidogo. Mauaji ya aina hii mara nyingi hutanguliwa na vipigo, vitisho, kukabwa koo, kufuatiliwa kwa simu. Hatari huongezeka mwanamke anapoondoka au anapotangaza kuondoka, na hapo hasira "ya ghafla" huwa na historia ya miezi, pengine miaka.

Basi neno wivu hutoka wapi? Kwa kawaida mwandishi hulipata polisi siku ileile, na polisi huwa wamelisikia kwa mtuhumiwa au jirani. Marehemu hana wa kumsemea. Na neno hilo lina uzito: katika sheria za Tanzania na Kenya, kukasirishwa ghafla kunaweza kushusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Ila mahakama hudai ushahidi, ukiwemo wa kuonyesha kwamba hasira haikupata muda wa kupoa.

Ukisoma habari kama hiyo, tafuta nani ametajwa kuwa chanzo cha sababu. Angalia kitenzi: "ameuawa" bila mtendaji, au "amemuua"? Je, ndugu wa marehemu wamehojiwa? Kuna taarifa ya malalamiko ya awali kituoni au kwa mwenyekiti wa mtaa? Kisha ifuatilie kesi. Maelezo ya siku ya kwanza mara nyingi hubadilika mahakamani, na habari hiyo huchapwa ukurasa wa ndani.