Maneno Yale ya Ukutani Si ya Aristotle

Ukutani mwa darasa moja hapa Dodoma kuna maandishi ya rangi ya bluu: “Sisi ni yale tunayoyafanya kila mara. Ubora si tendo, ni mazoea.” Chini yake jina: Aristotle. Nimeyasikia pia kwenye hotuba za mahafali.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakuyaandika. Ni ya Will Durant, Mmarekani aliyekuwa akifupisha mawazo ya mwanafalsafa huyo katika kitabu cha mwaka 1926.

Naona kuna maana kulisahihisha kosa hili, kwa sababu alichosema Aristotle mwenyewe, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kina uzito zaidi. Ni kweli alifundisha kwamba tabia njema huja kwa kutenda: mtu huwa mwashi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Kwa Wagogo, wenyeji wa hapa Dodoma, hilo si geni. Mtoto hulijua zeze akiwa amelishika, upinde ukikwaruza nyuzi mpaka sauti itulie. Lakini kinubi hichohicho, alionya, hutoa wapigaji wazuri na wabovu. Mazoea mabaya nayo hufundisha. Tena kutenda haki tu hakutoshi: mtendaji awe anajua anachofanya, akichague kwa ajili yake chenyewe, na asiyumbe.

Ndiyo maana aliiona kazi ya kujenga tabia njema kuwa ya siasa. Watunga sheria, alisema, huwafanya raia kuwa wema kwa kuwazoesha, na hapo ndipo katiba nzuri hutofautiana na mbaya. Katika mji huu wa Bunge, sehemu hiyo ndiyo ningependa kuiona ukutani.