Kabla ya kununua breki za ndege yako, piga hesabu ya joto

Wanaojiundia ndege hunijia na picha za ringi. Hii inang'aa, ile nyepesi, hii ina kalipa (vibanio vya breki) za rangi. Mimi huuliza kwanza: itatua na kilo ngapi, na kwa mwendo gani?

Chukua RV-7, ndege ndogo ya kujiundia, iliyojaa kilo zake 816, ikigusa ardhi kwa kilomita 93 kwa saa. Breki zikiisimamisha peke yake, diski mbili zinameza kilojuli 270 hivi, joto la kuchemsha robo tatu ya lita ya maji ya chai. Ukigusa ardhi kwa 110, zinafika kilojuli 380, maana nishati huhesabiwa mwendo mara mwendo. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Kipimo cha mwendo kitasoma namba ileile ya Mombasa, kumbe, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, magurudumu yanakimbia karibu asilimia 9 zaidi, na joto linazidi kwa asilimia 18. Hesabu hiyo ndiyo ya kulinganisha na kiwango cha nishati anachotoa mtengenezaji wa breki, awe Cleveland, Matco au Beringer.

Lakini breki nyingi nilizoona zimeungua hazikuungulia kwenye kutua. RV-7A, ile yenye gurudumu la mbele badala ya la mkia, haina usukani wa gurudumu hilo. Unakata kona kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. Sasa weka upepo wa ubavuni, mwendo mrefu kutoka hanga, na mguu uliolala kwenye pedali. Niliwahi kufungua kifuniko cha gurudumu nikakuta matone mekundu ya mafuta ya breki, diski imegeuka samawati, na oringi (pete ya raba ya kuziba mafuta) ya pistoni, inayotakiwa kunyumbulika kama mpira wa kufungia noti, nikaibonyeza kwa ukucha ikakatika kama ganda la karanga. Mwenyewe alikuja akidhani pedi zimeisha tu.

Tangu hapo, kati ya ringi nyepesi na diski nene nachagua diski. Mafuta ya breki natia ya kiwango cha MIL-PRF-83282, ambayo mvuke wake hauanzi kushika moto chini ya nyuzi 205. Yale ya zamani, 5606, kiwango chake kinaruhusu mvuke ushike moto kuanzia nyuzi 82. Ya gari usiyaguse, yatavimbisha raba za nitrili. Na mrija wa plastiki unaofika hadi kwenye kalipa naung'oa, naweka hozi iliyosukwa chuma.

Wenye RV-7 ya gurudumu la mkia, msitafute breki kali kupita kiasi. Mguu mmoja wa hofu, mkia unainuka, na propela inachimba lami.