Wosia husikika

Kazi yangu hapa Kisumu ni kutafsiri hati za kiapo. Watu hueleza mambo yao kwa Kiswahili, faili huenda kortini kwa Kiingereza, nami nakaa katikati. Siku moja mama mmoja wa Ahero aliniambia marehemu mumewe aliacha wosia kuhusu shamba la mpunga.

"Uko wapi, mama, niusome?"

Akanitazama kwa huruma, kisha akawanyooshea mkono shemeji yake na jirani waliokaa kwenye benchi. "Uko kwa hawa, mwanangu. Walimsikia."

Kwa upande wa lugha, aliyekosea ni mimi. Wosia, ambao wengine huuita wasia au usia, tuliupokea kutoka Kiarabu, wasiyya, pamoja na kitenzi chake kuusia: kumwagiza mtu jambo zito alishike hata ukiwa haupo. Kamusi za zamani za Kiarabu hulipa shina hilo pia maana ya kuunganisha kitu na kitu, kana kwamba mwenye kuusia anafunga fundo kati ya uhai wake na yatakayofuata. Karatasi haimo. Hata aya ya 11 ya Sura An-Nisaa, inayogawa mirathi, huanza kwa kitenzi hicho hicho: Mungu anawausia juu ya watoto wenu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Kiswahili chenyewe. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi, na mapema kabisa anamwambia "upulike wasiyati". Kupulika ni kusikiliza. (Ile -ti ya mwisho ni mkia wa Kiarabu ambao sisi tumeukata.) Binti hapewi orodha ya mali. Anaambiwa amche Mungu, achunge ulimi, aishi vizuri na mumewe. Ulikuwa wosia kamili.

Kilatini kilishika ncha nyingine: testamentum linatokana na testis, yaani shahidi. Waingereza wao walishika kutaka kwa mtu, will, na mjini hapa siku hizi wengi husema tu wili. Waganda, ukivuka mpaka pale Busia, wana ekiraamo chao. Mimi naona wosia ndilo neno zuri kuliko yote hayo, ila ndilo linalonipa kazi, kwa sababu limebeba maneno ya mzee na hati ya wakili kwa pamoja.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, inakubali yote mawili, lakini haiyapimi kwa mizani moja. Wosia wa maandishi hutiwa sahihi au alama ya mwenyewe, na mashahidi wawili au zaidi. Wosia wa mdomo nao huhitaji mashahidi wawili au zaidi, na juu ya hapo aliyeusema awe amefariki ndani ya miezi 3. Akipona akaishi mwaka, kortini wosia huo hauna nguvu tena, hata kama nyumbani kila mtu anaukumbuka neno kwa neno. Tena wosia wa mdomo haufuti ulioandikwa. Mzee akibadili kauli kitandani, karatasi ndiyo inayoshinda. Waislamu wana utaratibu wao kwa Kadhi, ambako wosia hauvuki theluthi ya mali.

Basi nikamuuliza mama: mzee alisema lini?

"Tukipandikiza mpunga."

Na alifariki lini?

Shemeji ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tumeshavuna. Magunia yalikuwa ndani ya nyumba siku ya matanga."

Mpunga wa Ahero ukishapandikizwa huchukua kama miezi 3 kabla ya kuvunwa, na hapo bado kuna kuuanika na kuujaza magunia. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, sikusema kitu. Hilo lilikuwa la wakili kumwambia.

Langu lilikuwa kuchagua neno. Nikiweka la Kiingereza la kisheria, hakimu angetafuta hati ambayo haipo. Kwa hiyo niliandika kwamba marehemu aliwaagiza watu wake kuhusu shamba. Kabla ya kutia dole gumba, mama aliomba nimsomee kwa Kiswahili. Nilipofika hapo alinikatiza.

"Hakuagiza, mwanangu. Kuagiza ni sukari. Huyu aliusia."