Bilioni 700 za daraja zitarudi lini?

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, juu ya Ziwa Victoria, kijiweni hakukosi wa kulalamika: zaidi ya shilingi bilioni 700 zimezama ziwani, wakati kivuko kilikuwa kinaingiza nauli. Hasara tupu!

Hiyo ni hesabu ya duka. Mradi wa umma hupimwa kwa manufaa ya kila anayeguswa, siyo kwa makusanyo ya serikali peke yake. Mhandisi Mfaransa, Jules Dupuit, aliliandika hilo mwaka 1844, tena kwa mfano wa daraja. Chukua mama wa Busisi anayewahi soko Mwanza na matenga yake ya nyanya. Akikwama saa mbili kwenye foleni ya kivuko, nyanya zinalainika juani, na akifika, mteja wa asubuhi kashanunua kwa mwingine. Saa hizo zina bei, nazo huzidishwa kwa idadi ya wanaovuka. Nauli yenyewe ilihama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kilichokuwa kinaliwa kweli ni dizeli, vipuri na muda wa watu.

Wengine wanadhani jumla ya manufaa ukitoa gharama ikishakuwa chanya, basi wote tumefaidika. Wapi! Muuza mahindi ya kuchoma pale gatini aliishi kwa foleni ileile iliyomharibia mama nyanya. Jumla inammeza, na haisemi nani amfidie. Ningependa kila ripoti iwe na ukurasa wake mtu huyu.

Halafu kuna wale wa "namba haidanganyi". Haidanganyi, ila inategemea asilimia uliyochagua kupunguzia thamani ya mambo ya mbele. Shilingi milioni 1 itakayopatikana miaka 30 ijayo, ukipunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo ni kama 231,000. Kwa asilimia 10 inabaki kama 57,000. Mradi ni uleule, ziwa ni lilelile.

Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Viwanda vya minofu vilikuja baadaye, lakini furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo wanaoliwa na sangara, walianza kutoweka kwa kasi miaka ya 1980, yaani kama miaka 30 hiyohiyo. Hasara ya furu, hata kama kuna mtu angeikumbuka mapema na kuipigia hesabu, kwa asilimia 10 ingefika mezani ikiwa na ukubwa wa dagaa.