Asidi ya damu na kwa nini mbio zinakuwa nzito ghafla

Aliyewahi kukimbia mita 400 shuleni ananielewa. Mita 250 za mwanzo unajiona simba, ukimaliza kona ya mwisho miguu kama umefungiwa viroba vya mchanga, pumzi inakata, na cha ajabu spidi haijapanda hata kidogo, pengine imeshashuka, ila kazi unaiona nzito mara mbili. Hapo ndo asidi inapohusika.

Damu ya mtu aliyetulia ina pH (kipimo cha asidi) kati ya 7.35 na 7.45, namba ikishuka ndo asidi inapanda. Ukikimbia kwa nguvu zote misuli inachoma sukari kwa ile njia ya haraka isiyosubiri oksijeni, zinabaki lakteti na ayoni za haidrojeni (chembe zenye chaji), na hizo ayoni ndo asidi yenyewe (lakteti inasingiziwa bure kwamba ndo inayochosha, moyo wako unaitumia kama mafuta vizuri tu). Baada ya mbio kama hizo pH ya damu inaweza kufika karibu 7.1. Unaweza kusema ah, tofauti gani hiyo, lakini pH ikishuka 0.3 tu ayoni zimeshakuwa mara mbili.

Sasa damu ina bikaboneti ya kuzima hiyo asidi, na ikiizima inatoka kabonidayoksaidi ambayo lazima uipumue nje, halafu kwenye mishipa ya shingoni kuna vihisio vinavyoionja damu, vikikuta asidi vinaipigia kelele ubongo, ndo unahema kama umekimbizwa na nyuki. Neva za kwenye misuli nazo zinaleta taarifa kwamba huku kunaungua. Ubongo unajumlisha yote hayo unakwambia: hii kazi ngumu. Kwa hiyo ule ugumu unaousikia haupimi spidi yako, unapima hali ya ndani.

Msweden Gunnar Borg aliutengenezea huo ugumu unaousikia skeli ya 6 mpaka 20, 6 umekaa tu, 20 umefika mwisho wako. Kuna majaribio watu waliendesha baiskeli ileile kwa mzigo uleule, ila damu yao ikiwa imeongezwa asidi kwanza wakawa wanataja namba kubwa zaidi.

David Rudisha, yule Mkenya wa mita 800, kwenye Olimpiki ya London 2012 alipita mita 400 kwa sekunde 49.28, mzunguko wa pili akatumia 51.63. Huo wa pili ndo unaokimbiwa ndani ya asidi. Marathoni ni habari nyingine, pale asidi haipandi hivyo, kinachokumaliza ni kuishiwa sukari na joto.

Kwa sababu ya hiyo asidi, kuna wakimbiaji wa mbio kama hizo za 400 na 800 wanakunywa bikaboneti ya sodiamu (ile baking soda ya keki) saa moja au mbili kabla ya mbio, kama gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili (sio magadi ya maharage jamani, hayo ni makali zaidi). Mtu wa kilo 60 hapo ni gramu 18, na tumbo likikataa, wenzako wanaitwa kwenye mstari wewe uko chooni.