Mshale Haujui Kama Difu Imebadilishwa

Wiki hii nimeitwa mwizi tena. Niliitwa kwa adabu, lakini ujumbe ulifika. Mteja aliniletea gari lake linalosukuma kwa magurudumu manne, nikafungua difu, lile sanduku la gia kwenye ekseli, nikatoa kraunwili na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani yake) za 3.73, nikafunga za 4.10, nyuma na mbele. Namba hizo ni uwiano: pinioni inazunguka mara 4.10 ili kraunwili izunguke mara moja. Akatoka kulijaribu, baada ya nusu saa akarudi, uso umekunjamana. "Fundi, samahani, lakini hapa hujabadilisha kitu. Gia ya nne, injini 3,000, mshale wa spidomita unasimama palepale, 124. Difu ingekuwa imebadilika, si ungeshuka?"

Hoja hii nimeisikia mara nyingi hadi naujua mdundo wake. Huanza na "fundi, samahani" na kuishia kwenye "gia ya nne, 3,000". Kinachonikera ni kwamba, ukiisikia haraka, inaingia akilini. Difu fupi, yaani yenye namba kubwa, maana yake injini inazunguka zaidi kwa kasi ileile. Kwa hiyo injini ikiwa kwenye mzunguko uleule, kasi lazima iwe imepungua. Hapo yuko sahihi kabisa, kasi imepungua. Anapokosea ni kuamini kwamba mshale ungejua.

Spidomita haioni barabara. Inahesabu mizunguko ya kitu fulani, mahali fulani, na hicho kitu ni kipi ndilo swali la kwanza la kuuliza. Kwenye gari la aina hii, giaboksi imelala kwa urefu, na hesabu inachukuliwa kwenye shafti ya kutokea, kwenye mkia wa giaboksi au wa boksi la transfa, linalogawa nguvu mbele na nyuma. Shafti hiyo ndiyo inayoungana na propela, ile shafti ndefu inayopita chini ya gari, na propela ndiyo inayokwenda kuzungusha pinioni. Gia ya nne hapa ni moja kwa moja: injini 3,000, shafti 3,000. Kwa hiyo mshale wa mizunguko ya injini na mshale wa kasi wote wanakaa upande mmoja wa difu, upande wa juu. Ni mashahidi wawili waliolala chumba kimoja na hakuna aliyefungua dirisha. Ungeweza kufunga kraunwili yenye meno mia mbili, na bado kwa 3,000 mshale ungesema 124 bila aibu.

Yaani mshale kubaki palepale ndiyo dalili yenyewe ya kwamba sasa unadanganya. Mteja wangu alikuwa ameukamata ushahidi sahihi na kumfunga nao mtu asiyehusika.

Nilimwambia tuhesabu. Nikaweka kabari, giaboksi huru, gurudumu la nyuma la kushoto likabaki chini, la kulia nikalipandisha kwa jeki. Alama ya chaki kwenye tairi, alama nyingine kwenye jointi ya propela. Yeye azungushe tairi, mimi nilale chini nihesabu. Difu isiyo na loki (kifaa cha kuyafunga magurudumu mawili yazunguke sawa), gurudumu moja likiwa limeshikwa na ardhi, kraunwili inazunguka nusu ya gurudumu lililo juu. Watu wengi husahau jambo hili kisha wananipigia simu kusema difu yao ni 2.05. Raundi 20 za tairi ni raundi 10 za kraunwili. Kwa 3.73 propela ingetoa 37 na robo, kwa 4.10 inatoa 41. Nahimiza raundi 20 kwa sababu kwa raundi mbili au tatu tu huwezi kuapa kama ni 4.10 au 4.30, hasa jointi zikiwa na mchezo kidogo. Alihesabu yeye mwenyewe mara ya pili, akiwa amelala juu ya kipande cha boksi na shati jeupe. Arobaini na moja. Akanyamaza, lakini unyamavu wa mtu ambaye bado anatafuta.

Sasa hesabu ya kosa. Gawanya namba mpya kwa ya zamani: 4.10 kwa 3.73, unapata 1.10. Propela inazunguka asilimia 10 zaidi kwa kila kilomita, mshale unaonyesha asilimia 10 zaidi ya ulivyokuwa ukionyesha, na odomita, kihesabu kilomita, inahesabu kilomita 10 za bure kwa kila 100. Ni hivyo tu. Na tafadhali, kurudi kwenye kasi halisi unagawanya kwa 1.10, hutoi asilimia 10. Kwa kasi ya 100 tofauti ni ndogo, 91 badala ya 90, lakini ukianza kujumlisha na kutoa asilimia za matairi juu ya asilimia za difu utapotea njiani, na nimewaona waliopotea.

Upande wa kosa ndio unaochanganya watu kuliko ukubwa wake. Namba ikipanda, mshale unapanda kuliko ukweli. Gari linaonekana limechangamka: linafika 100 haraka, dereva anafurahi, kumbe hiyo 100 yake ni 91 ya zamani. Sikatai kwamba kuondoka kunakuwa kwepesi, ndiyo sababu ya kufunga 4.10. Lakini nusu ya furaha ni ya mshale. Hatari iko upande mwingine, na hakuna anayekuja kulalamika. Ukitoa 4.10 ukaweka 3.73 ili injini ipumue safarini, mshale unashuka: unasoma 100, uko kwenye 110. Ongeza na tairi za inchi 33 pale zilipokuwa za 31, hiyo ni asilimia 6 na nusu nyingine, na sasa mshale ukisema 100 uko kwenye 117. Dereva ametulia, anajiona mtu wa sheria.

Kiwandani wanalijua hili. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi zinaifuata, hairuhusu spidomita kuonyesha chini ya kasi halisi hata kidogo. Kuzidisha inaruhusu, hadi asilimia 10 ya kasi halisi na kilomita 4 juu yake. Gari linakwenda 100 kweli, mshale ukisema 114 bado haujavunja kanuni. Ndiyo maana karibu kila spidomita mpya inajisifu kidogo. Kwa hiyo anayesema "yangu ilikuwa sahihi kabisa kabla hujaigusa, fundi" anaanza na msingi mbovu.

Odomita ni habari nyingine. Kwenye spidomita ya kebo, mshale unavutwa na sumaku inayozunguka ndani ya kikombe cha alumini, ukipingana na springi nyembamba. Springi ikichoka au mtu akiuchomoa mshale na kuurudisha vibaya, usomaji unahama. Odomita yenyewe ni meno kwa meno, haina springi. Ukitaka kujua kosa la difu peke yake, pima kwa odomita kwenye umbali unaoufahamu, acha mshale.

Na odomita ndiyo inayozaa uongo wa mafuta, ambao watu huusambaza kwa imani kama habari njema. Tuseme gari lilikuwa likitembea kilomita 500 kwa lita 50. Baada ya 4.10 injini inazunguka zaidi, safari ileile inakula lita 53. Ila odomita sasa inasema 550. Jamaa anagawanya: 10.4 kwa lita! Anawaambia wenzake difu fupi inabana mafuta. Ukweli ni 9.4. Hesabu yake haina kosa hata moja, isipokuwa kilomita.

Nirudi kwenye swali la wapi inahesabiwa, maana hapa ndipo watu hunichosha. Swali "nikibadilisha difu, spidomita itaharibika?" bila kusema gari gani halina jibu. Magari mengi yanayovuta kwa mbele huchukua hesabu kwenye difu yenyewe, iliyomo ndani ya giaboksi, baada ya gia ya mwisho. Ukibadilisha gia hiyo, mshale hautikisiki na unabaki sahihi. Baadhi ya pikapu za Ford za miaka ya 1990 zilikuwa na sensa juu ya ekseli ya nyuma, inasoma duara la meno linalokaa pamoja na kraunwili; badilisha uwiano utakavyo, ni tairi pekee zitakazoihusu. Magari mapya mengi yanasoma sensa za breki za ABS kwenye kila gurudumu. Hapo mshale hausogei, lakini usishangilie: kompyuta ya giaboksi inajua shafti ya kutokea inapaswa kuzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na hesabu zisipokubaliana baadhi zinawasha taa, nyingine zinabadilisha gia mahali pasipofaa. Ni lazima uwiano mpya uandikwe kwenye kompyuta. Na kwa gari la magurudumu manne, mbele na nyuma uwiano uwe mmoja. Hili sitalijadili, aliyefanya vingine atalijua siku atakapofunga 4x4 kwenye lami kavu.

Marekebisho kwenye gari la mteja wangu ni kile kigia cha plastiki kinachoingia ubavuni mwa transfa na kuzungusha kebo ya spidomita. Spidomita nyingi za kebo za Japani zimepangiwa 637: kebo izunguke mara 637 kwa kilomita moja. Kazi yako ni kuifikia hiyo namba. Unazidisha meno ya gia iliyo kwenye shafti, kwake ni 7, kwa uwiano wa difu, kwa raundi za tairi kwa kilomita, halafu unagawanya kwa 637. Tairi zake ni 265/75R16, kipenyo milimita 804 kwenye karatasi, na nikiondoa asilimia 3 kwa sababu ya kubonyea napata raundi 408 kwa kilomita.

Kuhusu hiyo asilimia 3 sitaapa. Ni namba ya mazoea. Kuna wanaopima kutoka ardhini hadi katikati ya gurudumu na kuigeuza kuwa mzingo, na wanapata tairi dogo mno, kwa sababu mkanda wa chuma ndani ya tairi la radiali haufupiki kama ubavu unavyobonyea. Kama una nafasi, weka chaki kwenye tairi na sakafuni, dereva akae ndani, sukuma gari raundi tano kamili, pima, gawanya kwa tano. Mimi nilipata mita 12 na sentimita 26 mara ya kwanza, 12.23 mara ya pili, na sikurudia mara ya tatu. Tairi likilika kutoka milimita 8 za kashata (kina cha michoro ya tairi) hadi 2, kipenyo kinapungua milimita 12, karibu asilimia moja na nusu. Anayekuuzia usahihi wa nusu asilimia anakuuzia usahihi wa leo tu.

Basi: 7 mara 4.10 mara 408, gawanya kwa 637, ni 18.4. Kigia kilichokuwemo kina meno 16, maana kwa 3.73 hesabu ilitoa 16.7 na kiwanda kikachagua kuzidisha kwa asilimia 4 na nusu kuliko kupunguza. Kwa 4.10 kigia hichohicho kinazidisha kwa asilimia 15, na ndivyo ilivyokuwa: mshale 100, simu yenye GPS ikisema 87, barabara imenyooka, kasi haibadiliki. (Mteja alisema GPS inachelewa. Inachelewa ukiwa unaongeza kasi au kupunguza. Ukitulia dakika nzima haina mahali pa kuchelewea.) Meno 19 yangefanya mshale uonyeshe pungufu kwa asilimia 3, sitaki. Meno 17 yanazidisha kwa 8. Nikachagua 18, yanazidisha kwa 2. Meno 18.4 hayauzwi popote.

Wapo wanaofunga kile kiboksi cha umeme kinachozidisha au kupunguza mapigo ya sensa kabla hayajafika dashibodi. Ni kizuri pale ambapo kigia hakipatikani. Ila angalia waya unaoukata unapeleka hesabu wapi kwingine. Mara nyingi kompyuta ya injini inasikiliza waya huohuo, na si kila wakati nimekuwa na uhakika kama inahitaji hesabu ya kweli au ile ya zamani. Mara mbili nimefunga, nikafungua, nikafunga upande wa pili.

Kigia cha 18 nilikifunga jana jioni, kazi ya dakika ishirini na kijiko cha oili iliyomwagika. Leo asubuhi simu imeita kabla sijafungua gereji. "Fundi, samahani. Tangu ubadilishe kile kidude cha plastiki gari limekuwa zito. Gia ya nne, 3,000, sasa linakwenda 110 tu."