Kuandika faili: mzigo uliopokelewa Malindi haujafika Mkoani

Dhana: write(), mwito ambao programu huutumia kuandika kwenye faili, ikirudi bila kosa, data iko diskini.

Mpe baharia kifurushi chako pale bandari ya Malindi, Unguja. Kapokea, lakini Mkoani, Pemba, hakijafika. write() huikabidhi data kwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi, nayo huiweka kwenye kumbukumbu na kuiandika kwa wakati wake. Umeme ukikatika kabla, imezama. Sisi wa Unguja, tuliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuna haja ya kufundishwa hilo.

Dhana: basi ita fsync(), mwito wa kulazimisha data iandikwe diskini, yamekwisha.

Inategemea uko kwenye mfumo gani. Linux huiamuru na diski yenyewe iandike yote yaliyo kwenye akiba yake ya muda. macOS huishia kuifikisha data kwenye diski, na diski inaweza kuikalia. Ukitaka uhakika, tumia mwito wa fcntl() na amri yake F_FULLFSYNC, inayoitaka diski nayo imalize kuandika. Ni polepole, ndiyo, lakini kwa daftari la fedha mimi nitasubiri.

La kutisha zaidi ni fsync() inaposhindwa. Wengi huirudia tu. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kuwa kwenye Linux kosa likisharipotiwa, kurasa (vipande vya data kwenye kumbukumbu) zilizoshindwa huhesabiwa safi, kana kwamba zimeshaandikwa. Ukiita mara ya pili unajibiwa salama, na data haipo. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, huziacha zikiwa bado zinadaiwa kuandikwa. PostgreSQL wakaamua: fsync() ikifeli, seva ijiangushe, ijijenge upya kutoka kwenye daftari lake la miamala lililo diskini. Ukali huo naukubali.

Dhana: faili likikatika, diski imejaa.

Kijana mmoja ofisini kwetu alikwenda Darajani kununua diski mpya kwa ajili hiyo. Nakala yake ya GB 3, iliyoandikwa kwa mwito mmoja, ilikatika kwenye seva ya Linux, na kwenye Mac yake haikuandikwa kabisa: kosa EINVAL, yaani ombi batili. Kwenye seva tukaiendesha chini ya strace, programu inayoonyesha miito kwa kerneli na majibu yake, jibu likaonekana: baiti 2147479552. Hicho ndicho kikomo cha Linux kwa mwito mmoja, hata kwenye mashine ya biti 64. macOS hukataa kabisa kinachozidi 2147483647. Programu yake haikusoma namba iliyorudishwa. Tuliweka kitanzi kinachoendelea pale write() ilipoishia. Diski mpya ikabaki kwenye boksi lake.

Dhana: close(), mwito wa kufunga faili, ikirudisha EINTR (mwito umekatizwa), irudie.

Kwenye Linux usithubutu. Namba ambayo mfumo ulilipa faili imeshaachiwa, na huenda thredi nyingine (mkondo mwingine wa kazi ndani ya programu hiyo) imeshapewa namba hiyo kwa faili lake. Utalifunga la mwenzio.